Kibebeo kilichoponya, kisha kikawasha saratani: kisa cha watoto wa Necker

Machi 1999, katika Hospitali ya Necker jijini Paris, timu ya Alain Fischer na Marina Cavazzana-Calvo ilianza kuwatibu watoto wachanga waliozaliwa bila kinga ya mwili, kwa kuwapa jeni waliyoikosa. Miaka mitatu baadaye timu hiyo ilikuwa na watoto wanaoishi nyumbani kwao, wanaopata mafua na kupona kama wenzao. Ilikuwa pia na mtoto mmoja ambaye chembe nyeupe za damu yake zilikuwa zikizaliana bila kukoma. Uponaji na saratani vilitoka mahali pamoja: kwenye kibebeo kilichoipeleka jeni ndani ya seli, nacho kilitengenezwa kutokana na virusi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ajali ya sayansi changa. Mimi nakisoma kama kisa cha usanifu. Kosa lilikaa kwenye kipande kidogo cha DNA ya virusi ambacho kilikuwa na kazi mbili, moja iliyotakiwa na nyingine ambayo hakuna aliyeiomba. Kipande hicho kilipotolewa, mambo yalibadilika. Kiliporudishwa kwa mlango mwingine, miaka mingi baadaye, saratani nayo ilirudi.

Tuanze na ugonjwa. Unaitwa SCID-X1. Jeni iliyoharibika ni IL2RG, nayo iko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wanaougua ni wavulana huku mama zao wakiibeba bila dalili yoyote. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa juu ya seli na kushiriki kupokea ishara sita tofauti za kinga: IL-2, IL-4, IL-7, IL-9, IL-15 na IL-21. Bila ishara ya IL-7, seli T, zinazoongoza kinga, hazizaliwi kabisa. Bila IL-15, seli NK, zinazoua seli zilizoambukizwa, hazipo. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, zipo, lakini hazina wa kuziamuru, kwa hiyo hazisaidii kitu.

Mtoto wa namna hii huzaliwa mzima wa kuangalia, kwa sababu anaishi kwa akiba ya kinga ya mama. Akiba ikipungua, mambo huanza: utando mweupe mdomoni usiokwisha, kuhara, nimonia ya vimelea ambavyo kwa mtoto mwingine havifanyi lolote, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unaolala badala ya kupanda. Asipotibiwa hufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hata chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu wa Afrika Mashariki huchomwa mkononi mara tu wanapozaliwa, kwake ni hatari, maana ndani yake mna bakteria hai waliodhoofishwa, na mwili usio na seli T hauwezi kuwazuia wasisambae. Dalili hizo zikifika kwenye zahanati yoyote ya kwetu, ni rahisi zikaitwa utapiamlo, VVU au kifua kikuu kabla mtu hajawaza jambo lingine.

Tiba ilikuwepo kabla ya 1999. Mtoto mwenye ndugu wa tumbo moja anayelingana naye kwa aina ya tishu akipandikizwa uboho wake, hupona mara nyingi mno, zaidi ya kesi tisa katika kila kumi. Shida ni kwamba wengi hawana ndugu huyo. Uboho wa mzazi unaolingana nusu tu ulikuwa na matokeo hafifu zaidi, na mara nyingine kinga ya seli B haikurudi vizuri. Tena uboho wa mtu mwingine una siri zake. David Vetter wa Texas, aliyezaliwa 1971 na kuishi karibu maisha yake yote ndani ya hema la plastiki lililosafishwa vijidudu, alipandikizwa uboho wa dada yake mwaka 1983. Ndani ya uboho huo mlikuwa na virusi vya Epstein-Barr vilivyojificha. Alifariki Februari 1984 kwa saratani iliyotokana navyo.

Kwa hiyo wazo la kuchukua seli za mtoto mwenyewe, kuzitia jeni nzima, kisha kumrudishia, lilikuwa na mantiki ya nguvu. Kwa ugonjwa huu lilikuwa na faida ya ziada. Seli iliyosahihishwa hukuta uwanja mtupu, kwa sababu seli T nyingine hazipo. Chache zikifaulu zinajaza nafasi zote, na daktari hahitaji kumpa mtoto dawa kali za kuua uboho wa zamani kwanza. Faida hiyo ndiyo iliyofanya SCID-X1 iwe ya kwanza kuonyesha kwamba tiba ya jeni inaweza kweli kumponya mtu. Ndiyo hiyo pia iliyokuja kuipa seli mbovu uwanja ule ule mtupu.

Kazi ilifanyika hivi. Mtoto alilazwa usingizi, uboho ukavutwa kutoka kwenye mfupa wa nyonga. Maabara ikachambua seli shina, zinazozaa chembe zote za damu, zenye alama ya CD34 na kuziweka kwenye mifuko pamoja na vichocheo vya ukuaji, kwa sababu virusi vya aina iliyotumika huingia kwenye DNA pale tu seli inapogawanyika. Ukuta wa mfuko ulipakwa kipande cha protini ya fibronektini ili seli na virusi vishikane karibu. Kwa siku tatu virusi viliongezwa, kisha seli zikarudishwa kwa mtoto kupitia mshipa, mamilioni kwa kila kilo ya uzito wake. Shughuli ya hospitali ikaishia hapo, na iliyobaki ikawa ya seli zenyewe.

Kibebeo kilitokana na virusi vya lukemia ya panya vya Moloney. Ndiyo, virusi vinavyosababisha saratani ya damu kwa panya. Msomaji akishtuka hapa ana haki, lakini hoja ya wakati ule haikuwa ya kijinga. Virusi kamili huzaliana, huingia seli baada ya seli, na hugonga DNA mara nyingi mno hadi siku moja vigonge pabaya. Kibebeo cha Paris kilikuwa kimenyang'anywa jeni zote za kuzaliana na nafasi yake ikachukuliwa na IL2RG. Kingeweza kuingia mara moja tu na kuishia pale. Uwezekano wa pigo moja kuangukia mahali pa hatari, ukiuchukua kwa seli moja, ulikuwa mdogo sana. Wengi waliamini kwamba hata ukitokea, saratani huhitaji hitilafu nyingi, na hiyo moja isingetosha.

Aprili 2000 jarida la Science lilichapisha matokeo ya watoto wawili wa kwanza. Seli T na seli NK zilikuwa zimefikia idadi ya watoto wa umri wao. Kwa fani iliyokuwa imetoka kumpoteza kijana wa Marekani, Jesse Gelsinger, aliyefariki Septemba 1999 huko Philadelphia baada ya kupewa kibebeo cha aina nyingine, cha adenovirusi, habari za Paris zilikuwa pumzi. London nao, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, wakaanza majaribio yao chini ya Adrian Thrasher.

Kisha ikaja 2002.

Mtoto wa nne kutibiwa Paris alikuwa amepewa seli zake akiwa na umri wa mwezi mmoja. Miezi 30 hivi baadaye vipimo vya damu vilionyesha seli T zimepanda kupita kiasi. Kinga ya kawaida huwa na seli za ukoo mbalimbali, nyingi mno, kila ukoo na kipokezi chake. Za mtoto huyu zilikuwa za ukoo mmoja, watoto wa seli moja, na zote zilibeba kibebeo mahali pale pale kwenye DNA. Muda si mrefu akafuata mtoto wa tano kutibiwa, aliyepewa seli zake akiwa na miezi mitatu. Majaribio yakasimamishwa. Januari 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikasimamisha majaribio 27 yaliyotumia vibebeo vya aina hiyo kwenye seli za damu.

Inafaa kukaa kidogo kwenye jinsi mahali hapo palivyojulikana, maana ndipo uchunguzi ulipogeuka. Kibebeo kikishajipachika, ncha yake inapakana moja kwa moja na DNA ya mtoto. Timu ya Christof von Kalle na Manfred Schmidt nchini Ujerumani ilikuwa imebuni mbinu ya kuanza kunakili kutoka kwenye ncha ya virusi, ambayo herufi zake zinajulikana, na kusonga nje kuelekea zisizojulikana. Kile kipande cha jirani kikisomwa, kinatafutwa kwenye ramani ya jenomu ya binadamu. Rasimu ya ramani hiyo ilitoka Februari 2001. Kesi hizi zingetokea miaka mitano mapema, kumtambua jirani kungekuwa kazi ngumu kupindukia.

Jirani kwa watoto wote wawili alikuwa LMO2, jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11. Wataalamu wa lukemia walikuwa wanaifahamu tangu zamani. Hufanya kazi kwenye seli shina za damu na hutakiwa kuzimwa seli inapokomaa kuwa seli T. Isipozimwa, seli inabaki kati ya utoto na ukomavu huku ikiendelea kugawanyika. Kuna lukemia za watoto wasiowahi kuona tiba ya jeni ambazo huanza kwa kromosomu kukatika na kuiweka LMO2 chini ya swichi isiyo yake.

Kwa nini LMO2, wote wawili? Hapa hesabu ndogo inasaidia. Jenomu ina herufi bilioni 3 hivi. Chukua eneo la herufi 10,000 kuzunguka mwanzo wa LMO2. Kibebeo kikianguka popote kwa bahati tupu, nafasi ya kuangukia hapo ni 1 katika 300,000. Inaonekana ndogo, mpaka ukumbuke kwamba mtoto amepewa seli milioni 10 na zaidi zenye kibebeo. Gawanya: seli thelathini na kitu, ndani ya kila mtoto, zina kibebeo kando ya LMO2. Na hiyo ni kwa bahati tupu. Mwaka 2003 ilichapishwa kwamba virusi vya jamii ya Moloney havianguki ovyo, hupenda kujipachika karibu na mwanzo wa jeni zinazotumika, na miaka kumi baadaye ikajulikana sababu: kimeng'enya chake cha kujipachika hushikana na protini za seli zinazokaa hasa kwenye maeneo hayo. Kwa hiyo nafasi halisi ilikuwa kubwa kuliko hesabu yangu. Swali la kweli likawa lile la pili: ikiwa kila mtoto alikuwa na seli za namna hiyo, kwa nini si wote waliougua? Jibu lililopatikana ni kwamba kugongwa kwa LMO2 kulikuwa hatua ya kwanza tu. Kwenye seli za lukemia zilikutwa hitilafu nyingine zilizoongezeka baadaye, kama mabadiliko ya jeni ya NOTCH1 na kupotea kwa CDKN2A. Watoto wengine hawakufika huko.

Sasa kipande chenyewe. DNA ya retrovirusi, jamii ya virusi ambamo Moloney nayo imo, imefungwa kwenye ncha zake mbili na mikanda inayofanana, iitwayo LTR. Ndani ya mikanda hiyo mna promota, mahali jeni inapoanzia kusomwa, na mna enhansa, sehemu inayoongeza nguvu ya kusomwa. Wasanifu wa kibebeo waliviacha vyote kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo vilivyoisoma IL2RG. Tatizo ni kwamba enhansa haina mpaka. Spika ya harusi iliyofungwa kwa ajili ya wageni wa uwanja huu humwamsha na mtoto wa nyumba ya tatu. Ndivyo enhansa ya Moloney, iliyokuwa ikiisoma IL2RG kwa nguvu, ilivyoiamsha LMO2 ambayo ilikuwa imelala au iko njiani kulala. Na enhansa hiyo, ikumbukwe, ilikuwa imenolewa na mageuzi ya viumbe kwa kazi moja: kuwaka kwa nguvu ndani ya seli za damu.

Onyo lilikuwepo. Mwaka huo huo wa 2002, kabla ya kesi ya kwanza ya Paris kutangazwa, Zhixiong Li, Christopher Baum na wenzao walichapisha kwenye Science kwamba panya waliopewa seli zenye kibebeo cha jamii hiyo walipata lukemia. Wengi walisema jeni iliyobebwa kwenye jaribio lile ndiyo iliyochangia. Ni utetezi uliorudi tena na tena katika kisa hiki: kibebeo hakina kosa, mzigo ndio wenye kosa.

Na kwa SCID-X1 utetezi huo ulikuwa na uzito. IL2RG inahusika na ishara za kukua. Ikisomwa kupita kiasi, si inaweza kusukuma saratani yenyewe? Mwaka 2006 kundi la Marekani liliripoti kwenye jarida la Nature kwamba theluthi ya panya waliopewa jeni hiyo, kwa kibebeo cha aina nyingine, walipata uvimbe wa saratani ya seli T. Watafiti wengine walipinga vikali. Wakati huohuo dhana nyingine ilishaanguka: kwamba tatizo ni umri mdogo sana na dozi kubwa. Majaribio ya Paris yaliporuhusiwa kuendelea mwaka 2004, haikuchukua muda. Januari 2005 mtoto wa tatu kuugua akatangazwa, naye alikuwa ametibiwa akiwa mkubwa kuliko wale wawili. Mwaka 2007 ukaleta wa nne kuugua Paris na wa kwanza London. Kufikia hapo, kati ya watoto 20 wa miji hiyo miwili, 5 walipata lukemia. Mmoja alifariki mwaka 2004. Waliobaki walitibiwa kwa dawa za saratani wakapona, na kinga iliyotokana na tiba ya jeni ikaendelea kufanya kazi ndani yao.

Hapo ndipo watu wengi hukosea kuhukumu. Husema majaribio yale yalishindwa. Ukiweka pembeni hofu ya neno saratani, watoto wengi wasio na ndugu wa kuwafaa walikuwa hai wakiwa na kinga yao wenyewe. Kwa mzazi aliyekuwa anachagua mwaka 2000, sidhani kama angekosea kuchagua Necker. Lakini kwa msanifu, ugonjwa mmoja katika kila wagonjwa wanne ni kibebeo kisichofaa kutumika tena kama kilivyo.

Wengine walikuwa na bahati mbaya zaidi. Frankfurt, kwa ugonjwa mwingine wa kinga uitwao CGD, walitumia kibebeo chenye LTR yenye nguvu zaidi, na wagonjwa wakapata hitilafu ya uboho baada ya jeni ya EVI1 kuamshwa. Hannover, kwa ugonjwa mwingine wa kinga uitwao Wiskott-Aldrich, watoto 7 kati ya 10 walipata lukemia. Magonjwa tofauti, mizigo tofauti, ncha za jamii moja. Kwa maoni yangu mfululizo huo ulitosha kumaliza ubishi wa mzigo na kibebeo. Ila ugonjwa wa ADA-SCID, aina nyingine ya kuzaliwa bila kinga, ulikaidi: vibebeo vya jamii ileile vilitumika kwa miaka mingi bila lukemia, hadi kesi moja ilipotangazwa mwaka 2020. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe nao una mchango, na asemaye ni ncha peke yake anarahisisha mno.

Kilichofuata ni cha kusisimua kwa anayependa kazi safi ya usanifu. Retrovirusi hubeba maagizo yake kama RNA, na seli inapoingiwa, RNA hiyo hugeuzwa kuwa DNA. Katika kugeuzwa huko, sehemu yenye enhansa iliyo kwenye mkia hunakiliwa na kuwekwa kwenye ncha zote mbili. Wasanifu waliifuta enhansa mkiani tu, kwenye nakala inayotumika kiwandani. Kiwandani kibebeo kinatengenezwa kama kawaida kwa kuwa kichwa bado kizima. Kikishaingia ndani ya seli ya mtoto, kinachonakiliwa ni mkia uliofutwa, na ncha zote mbili zinabaki kimya. Ili IL2RG isomwe, inawekewa promota ya ndani, EF1α fupi, iliyotoka kwenye jeni ya binadamu ya kazi za kila siku na yenye nguvu ya wastani.

Kibebeo hicho kilijaribiwa Paris, London, Boston, Cincinnati na Los Angeles kwa wavulana 9, na matokeo yakatoka kwenye New England Journal of Medicine mwaka 2014. Mmoja alifariki kwa maambukizi ya adenovirusi kabla kinga haijarudi. Katika 8 waliobaki, 7 walipata seli T. Waliofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi walikuwa wamefika miezi 38, na hakuna aliyekuwa na lukemia. Muda huo ni mfupi, na mtu makini atasema hivyo. Lakini angalia ulinganisho: ugonjwa ule ule, mzigo ule ule, virusi vya jamii ile ile, kimeng'enya kile kile kinachopenda mwanzo wa jeni. Kilichobadilika ni enhansa. Na walipohesabu mahali vibebeo vilipokaa ndani ya seli zilizostawi, sehemu zilizo karibu na LMO2 na jeni nyingine za saratani zilikuwa chache kuliko zamani. Seli zilizogongwa pale hazikupewa tena nguvu ya kuwashinda wenzao.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuhama familia, kutoka virusi vya panya kwenda lentivirusi, yaani vibebeo vilivyojengwa kutokana na VVU. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu jambo hili lahitaji maelezo, maana nimeona watu wakilisikia na kukunja uso. Kibebeo hicho hakiwezi kuleta UKIMWI. Jeni za VVU zinazohitajika kuzaliana zimetolewa, zile chache za kiwandani zimegawanywa kwenye vipande tofauti vya DNA ambavyo havisafiri pamoja, na ganda la nje ni la virusi vya mifugo viitwavyo VSV. Kilichotakiwa kwa VVU ni ustadi wake wa kuingia kwenye seli isiyogawanyika, na tabia yake ya kujipachika katikati ya jeni badala ya mwanzoni. Mwaka 2019 hospitali ya St. Jude ya Memphis iliripoti watoto 8 waliotibiwa kwa kibebeo hicho pamoja na dozi ndogo ya busulfan, dawa ya kuua uboho, na safari hii hata seli B zilirudi.

Kibebeo cha St. Jude kilikuwa na ulinzi wa ziada: kihami, kipande cha DNA kutoka kwenye jeni ya kuku, kilichowekwa ncha zote mbili ili kuzuia nguvu isivuke kwenda kwa jirani. Wazo zuri. Ila kihami hicho hicho kilishawahi kuleta mambo. Mgonjwa wa talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, aliyetibiwa Ufaransa mwaka 2007 alikutwa na ukoo wa seli uliotawala, kibebeo kikiwa ndani ya jeni ya HMGA2. Kipande cha kuku kilikuwa na herufi ambazo seli ilizisoma kama mahali pa kukatia ujumbe, na ujumbe uliokatwa ukadumu kuliko ulivyotakiwa. Mgonjwa hakupata saratani, na kwa muda seli hizo ndizo zilizomwondolea haja ya kuongezewa damu. Hata hivyo kipande cha usalama kilikuwa kimezaa hatari yake.

Sasa njoo 2022. FDA iliidhinisha Skysona kwa watoto wa kiume wenye adrenolekodistrofi ya ubongo, ugonjwa unaowanyang'anya kutembea, kuona na kusema kwa muda mfupi. Ni lentivirusi, ncha zake zimenyamazishwa kama ilivyofunzwa na Paris. Lakini jeni ya ABCD1, iliyoharibika kwa watoto hao, ilitakiwa isomwe kwa nguvu sana, kwa hiyo ndani iliwekwa promota iitwayo MNDU3, ambayo asili yake ni ncha za retrovirusi vya panya, ndugu wa Moloney. Enhansa iliyofukuzwa kwenye ncha ikawa imewekwa sebuleni. Oktoba 2024 iliripotiwa kwamba 7 kati ya wagonjwa 67 wa majaribio walipata saratani za damu, na jeni iliyojitokeza mara nyingi karibu na kibebeo ilikuwa MECOM, eneo lile lile la EVI1 lililowaumiza wagonjwa wa Frankfurt.

Siwezi kusema wasanifu wale walikuwa wazembe. Kwa ugonjwa ule, promota dhaifu ingeweza kumaanisha ubongo usiookoka. Ninachosema ni kwamba kwa miaka mingi fani ilizoea kueleza usalama kwa jina la familia ya virusi, "lentivirusi ni salama, gammaretrovirusi (jamii ya Moloney) ni hatari," na jina hilo likafunika swali lililotakiwa kuulizwa kila mara: ndani ya kibebeo hiki, ni kipande gani kinachowasha, kinawasha kwenye seli zipi, na kwa nguvu kiasi gani?

Swali hilo si la watu wa mbali. Maelfu ya watoto huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na hali ni hiyo hiyo Uganda na Kongo. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za jeni za ugonjwa huo kwa siku moja. Casgevy hukata DNA mahali palipochaguliwa na haiachi virusi ndani ya seli. Lyfgenia ni lentivirusi, na swichi zake ni za globini ya binadamu, protini ya himoglobini, ambazo huwaka kwenye seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu na kunyamaza kwingine. Ukilinganisha na MNDU3 ni tofauti ya msingi. Hata hivyo imeidhinishwa na onyo la saratani ya damu, kwa kuwa wagonjwa wawili wa majaribio ya awali walipata lukemia na kufariki. Mwaka 2021 majaribio yalisimamishwa kwa miezi kadhaa wakati uchunguzi ukiendelea. Kwa mgonjwa mmoja kibebeo kilikutwa ndani ya jeni ya VAMP4, ambayo haikuonekana kuhusika, na majaribio yakaruhusiwa. Dawa za kuua uboho kabla ya tiba, na uboho uliochoshwa na selimundu kwa miaka, ni washukiwa wengine.

Bei zake zilizotangazwa ni dola milioni 3.1 kwa Lyfgenia na milioni 2.2 kwa Casgevy, na mazungumzo mengi ya kwetu huishia hapo. Lakini kisa cha Necker kinaonyesha gharama nyingine inayokuja baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa vibebeo vinavyojipachika, FDA hupendekeza mgonjwa afuatiliwe kwa miaka 15. Maana yake ni damu inayochukuliwa kwa ratiba, sampuli zinazogandishwa na kutunzwa bila umeme kukatika, maabara inayoweza kusoma kibebeo kimekaa wapi na ukoo upi wa seli unakua, na namba ya simu ya mgonjwa ambayo bado inapatikana mwaka wa kumi na mbili, hata kama amehama kutoka Mwanza kwenda Tunduma.